Imepimwa na Sikio

Ugonjwa haukubali kukaa ndani. Mtu anaweza kuufunika kwa shuka, akaunyunyizia manukato, akawaambia majirani kwamba ni uchovu tu. Wakati wote huo ugonjwa unaendelea na kazi yake. Kisha siku moja watu husikia kilio, na hapo hakuna tena wa kudanganywa. Methali yetu haisemi kwamba mgonjwa ni mtu mbaya. Inasema kwamba kuficha hakuponyi, na mara nyingi anayelipa si yule aliyeficha. Fundi mmoja wa sauti aliijua methali hii tangu shule ya msingi. Aliiandikia insha, akapata alama nzuri. Haikumsaidia kitu.

Fundi huyo watu walimwita Sikio, na hata mkewe alimwita hivyo alipokuwa amekasirika. Jina hakupewa bure. Alikuwa na uwezo wa kusimamisha bendi nzima kwa kuinua kidole, akamwambia mpiga gitaa wa tatu kwamba uzi wake mwembamba umelegea. Mpiga gitaa akibisha, uzi ukipimwa, Sikio yuko sahihi. Studio yake ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka, kuta zake zimebandikwa sponji za magodoro, na katikati kioo kinene cha kumtenga fundi na mwimbaji. Duka la mbele aliliendesha mkewe, mwanamke asiye na maneno mengi isipokuwa ya bei.

Simu zilipoanza kubeba muziki wote wa dunia, biashara ya diski ilikufa kifo cha mende. Maduka ya jirani yaligeuka ya viatu na mafuta ya nywele. Mke wa Sikio hakukata tamaa. Aliona kwamba wako watu wachache waliobaki, wenye mashine kubwa za muziki sebuleni, ambao wakitaka kusikiliza muziki huketi kama wako darasani. Hao walitaka diski za sauti safi, zile zinazobeba hata pumzi ya mwimbaji na kidole kinavyoteleza juu ya uzi. Diski hizo zilikuwa ghali, na mtu hununua kitu ghali akimwamini aliyekitengeneza. Basi mwanamke akabuni mhuri wa kuwekwa juu ya kila jalada: *Imepimwa na Sikio.*

Tatizo ni kwamba sikio lenyewe lilikuwa limeanza kufa.

Sikio alijua kabla ya diski ya kwanza kutoka. Aliona mkewe akikurupuka kwenda jikoni kuzima birika linalopiga mluzi, naye hakuwa amesikia mluzi wowote. Mlango ukigongwa, aliona watoto wakigeuka kabla yake. Akamuaga mkewe kwamba anakwenda kutazama mashine mji mwingine, akaenda kumwona daktari wa masikio. Daktari alikuwa mama wa makamo asiyepinda maneno.

"Sauti nyembamba ndizo hufa kwanza," alisema. "Miaka uliyokaa mbele ya maspika ndiyo iliyozila. Zilizokufa hazirudi. Zilizobaki, zitunze."

"Na kazi yangu?"

"Fanya. Ila usiifanye peke yako. Weka masikio mengine karibu yako. Una mke?"

"Ninaye."

"Anasikia vizuri?"

"Huyo anasikia mpaka ninayowaza."

"Basi dawa unayo nyumbani. Kamwambie leo."

Njia nzima Sikio alipanga maneno. Alipofika, alimkuta mkewe amepokea majalada kutoka kwa mchapaji, ameyapanga mezani, anayafuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Umeona mhuri ulivyokaa?" aliuliza, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Sikio hakuwa ameiona tangu duka lilipoanza kulala njaa.

Sikio akachukua jalada moja, naye akalifuta. "Umekaa vizuri," akajibu.

Tangu hapo akawa anafanya kazi kama mpishi aliyepoteza ladha, anayeongeza chumvi mpaka aionje yeye mwenyewe, huku wageni wanaomba maji. Kila sauti nyembamba aliyoikosa, aliipandisha. Matoazi yalipomfifia, aliyapandisha. Mwimbaji aliposikika kama ameziba mdomo kwa blanketi, alimpandisha pia. Masikioni mwake yeye muziki ulikuwa sawasawa, kama zamani.

Walianza na muziki wa dansi. Wanunuzi wake wengi walikuwa wenye mabaa, na katika baa, kati ya chupa, vicheko na ugomvi, nani atajua toazi limezidi? Diski ziliisha. Sikio alichekelea mpaka jino la mwisho, akaanza kujiambia kwamba daktari yule ametia chumvi.

Wakafuata waimbaji wa kwaya. Hapo mwalimu wa kwaya alikuja dukani na diski yake ndani ya mfuko, kaishika kama samaki aliyeoza.

"Fundi, waimbaji wangu wana meno kamili, nimewahesabu," alisema. "Mbona humu kila mmoja anapiga mluzi kama mwenye pengo?"

Sikio alimtazama kwa upole. "Mwalimu, unasikilizia chombo gani?"

"Redio ya ukumbini."

"Ahaa. Sasa umeniambia. Diski hizi hazisamehe vyombo duni, mwalimu. Zinatoa kila kitu. Chombo kisipoweza, kinapiga kelele."

Mwalimu aliondoka na diski yake na aibu yake. Uongo huu ulikuwa mtamu kwa sababu ulikuwa na ukweli ndani. Kweli kabisa, vyombo duni huharibu sauti safi. Na hakuna mtu anayependa kuambiwa kwamba redio yake ni kopo. Kila aliyelalamika alipewa jibu hilohilo, akanywea.

Hata mkewe alipewa. Siku moja alikuwa akijaribisha diski dukani, akaweka mkono sikioni. "Inanichoma hapa, mume wangu. Kama sindano."

"Sikio lako limezoea redio, mke wangu. Lipe muda."

Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alinuna. Baada ya hapo hakusema tena. Mwanamke aliyeweza kujua ni mtoto gani amekohoa chumba cha pili akaanza kuyaonea aibu masikio yake, na wateja wakilalamika, yeye ndiye aliyewajibu, "Labda ni chombo chako, ndugu yangu."

Walipofika kwenye muziki wa ala tupu, maji yalizidi unga. Wanunuzi wa muziki huo ni wachache na wana ukaidi wa nyumbu. Hawachezi, hawaimbi, wanasikiliza tu. Mmoja wao alikuwa daktari wa meno, ambaye mashine yake ya muziki ilisemekana kuwa bora kuliko zote mjini. Aliweka diski juu ya kaunta.

"Sikio, mimi kutwa nzima natoboa meno ya watu," alisema. "Sikununua diski ili nikifika nyumbani nisikie ile mashine tena."

"Daktari, chombo chako..."

"Chombo changu kiache. Chombo changu kina heshima kuliko ukoo wangu. Kuna mtu kwenye meza yako ya kurekodia hasikii sauti nyembamba za juu. Kama ni msaidizi wako, mfukuze. Kama ni wewe, kapime."

"Masikio yangu ni mazima!" Sikio alifoka, na mkewe, aliyekuwa nyuma ya rafu, alimwunga mkono bila kufikiri. "Daktari, hapa hatukubali matusi. Mume wangu anajulikana."

Daktari wa meno alimtazama mama yule kwa huruma, akaenda zake. Sikio alikuwa ametia pamba ndani ya masikio ambayo tayari hayasikii.

Sasa mama mkwe wake. Bibi huyu alikuwa ameimba maisha yake yote nyuma ya watu wengine. Bendi zilimweka mstari wa nyuma, aitikie. Kwenye majalada jina lake halikuandikwa hata kwa penseli. Sasa kifua kilikuwa kimechoka, na alikuwa na haja moja.

"Nataka diski yangu," alimwambia binti yake. "Moja tu. Wajukuu wakiiweka, wanione nimekaa pale kwenye kiti."

Mke wa Sikio hakuwa mtu wa kubembeleza, lakini hili alimwomba mumewe kwa sauti iliyopiga magoti. Sikio alikubali. Angekataaje?

Bibi alirekodi wimbo mmoja kila alipokuja, kwa kuwa pumzi haikutosha miwili. Sasa, fundi mwangalifu hurekodi sauti ilivyo, akaihifadhi, kisha akapamba nakala. Akikosea, hurudi kwenye ile ya kwanza. Sikio mwenyewe aliwafundisha mafundi wengi hivyo. Lakini alipoisikia sauti ya mama mkwe ikimjia kama inatoka nyuma ya ukuta, aliingiwa na hofu. Akazipandisha sauti za juu palepale wakati wa kurekodi, akapandisha tena, mpaka sauti ikapasuka. Mpasuko huo hakuusikia.

Bibi aliusikia. Alivua hedifoni, akatoka nyuma ya kioo.

"Mwanangu, huyu anayeimba humu ndani ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi silii kama bati linaloburutwa."

"Mashine za kisasa hizi, mama. Zinaonyesha kila kitu."

"Mpaka visivyokuwepo?"

Hakungoja jibu. Alijifanya anakwenda kunywa maji, na alipofika nyuma ya kiti cha fundi, alitoa funguo zake akazitikisa karibu kabisa na kisogo chake. Sikio aliendelea kutazama mashine. Akazitikisa tena. Kisha akazunguka, akakaa mbele yake.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini, mama?"

"Usinichezee. Nimekaa na wapiga ngoma miaka yote. Kiziwi namjua kwa kisogo."

Sikio aliinama. Mbele ya mama mkwe, mwanamume huyo aliyefoka mbele ya daktari wa meno alilia kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mwenzako anajua?"

"Hajui, mama."

"Mwambie. Mimi sitasema. Mama mkwe akijitia kati ya mume na mke, hata akisema kweli huitwa mchawi. Lakini mwambie kabla hujaipeleka kiwandani. Aje akae hapa, asikilize yeye, nami nirudie. Pumzi bado ninayo kidogo."

"Nitamwambia."

"Niahidi."

"Naahidi, mama."

Akamwahidi kwa kesho, na kesho ikapata kesho yake. Kila walipokutana mezani, bibi alimtazama, naye alitazama sahani. Asubuhi moja bibi aliamka akavaa nguo za kutokea na viatu, akamwambia binti yake, "Nipeleke studio. Nataka kurudia ule wa kwanza."

"Mama, ule wa kwanza umekwisha kurekodiwa. Umesahau. Kaa upumzike, huo ni uzee."

Bibi alikaa kitandani na viatu vyake. Alikufa hivyohivyo, amekaa, kabla ya chai kupoa.

Hata hapo Sikio angeweza kusema. Lakini aliona heri yaishe. Aliyejua amekwenda, akajiambia, na sauti ya kurudia haipo. Kusema sasa ni kumwongezea mke wangu msiba. Alijiona mwenye huruma. Akazituma nyimbo kiwandani.

Diski zilirudi wakati nyumba bado imejaa waombolezaji. Juu ya jalada, kwa mara ya kwanza, lilikuwepo jina la bibi, herufi kubwa, na chini yake ule mhuri. Mke wa Sikio alitaka mama yake asikike kwa chombo kinachostahili. Alimeza kiburi, akaenda kwa daktari wa meno, akaomba. Daktari aliileta mashine yake mwenyewe, akaifunga kwa mikono yake, akakaa kwenye kona.

"Mama alisema tukimweka tutamwona amekaa," mke wa Sikio aliwaambia watu. "Basi tumwone."

Akaweka diski.

Sauti ilitoka kama kisu juu ya sahani. Mjukuu mdogo alipiga ukelele, akakimbilia nje. Shangazi mmoja alijikunja. Lakini hakuna aliyesema kitu. Wote walikwisha kuambiwa kwamba diski hizi zinahitaji masikio yaliyofundishwa, na nani atakubali kuonekana mshamba mbele ya marehemu? Walivumilia kwa adabu, meno yameumana. Sikio alikuwa ameketi mbele, macho ameyafumba, machozi yanamtiririka, anatikisa kichwa kwa utamu.

Wimbo ulikwisha. Kabla ya wa pili kuanza, ulibaki mluzi mwembamba, mkali, kama mbu aliyeingia sikioni akakataa kutoka. Sikio akainua mkono juu.

"Sikilizeni kimya hicho," alisema taratibu. "Mtu asitikisike. Sikieni kimya kilivyo safi."

Watu walitazamana. Mkewe aliitazama spika, halafu akamtazama mumewe.

"Kimya kipi?" aliuliza.

"Hiki."

"Mume wangu, kuna mluzi unatoboa vichwa vya watu humu ndani."

Sikio alifumbua macho. Aliona mikono juu ya masikio. Aliona shemeji yake, kaka wa mkewe, amesimama anataka kuchomoa waya. "Labda ni cho..." alianza, kwa mazoea. Kisha akaona ni chombo cha nani, na neno likafia mdomoni.

Mkewe hakumgombeza. Alimzunguka, akasimama nyuma ya kiti chake, akainama, akamnong'oneza jina alilokuwa akimwita walipokuwa wachumba, jina ambalo hata watoto hawakulijua. Chumba kizima kililisikia. Shangazi aliinamisha uso kwa aibu ya kusikia siri ya watu. Sikio peke yake hakugeuka. Alikuwa akitazama mbele, akingoja mkewe aseme kitu.

Ndipo mwanamke yule alipolia. Siku aliyokufa mama yake hakulia hivyo. Alilia mpaka majirani wa upande wa pili wa barabara walitoka nje, na kila aliyekuwa ndani, kwa kilio kile, alielewa diski zote, malalamiko yote na majibu yote.

Wageni walipotawanyika, alimfuata mumewe studio.

"Nipe ile ya kwanza. Isiyopambwa."

"Hii ndiyo ya kwanza."

"Zishushe hizo sauti basi."

"Imepasuka. Haishuki. Ni kama yai."

Alikaa kwenye kiti cha mwimbaji, nyuma ya kioo, akamwuliza kutoka huko, kwa sauti kubwa ili asikie: "Mama alijua?"

Sikio alifikiri kudanganya. Akakosa uongo uliobaki. "Alijua. Alitaka nikwambie, mrudie pamoja."

"Kwa hiyo asubuhi ile alikuwa na akili zake."

"Ndiyo."

"Na mimi nikamwambia akae. Nikamwambia ni uzee."

Sikio alinyosha mkono, akazima mashine.

Habari zilienea. Mwalimu wa kwaya alirudi na diski yake, safari hii kichwa juu. Wenye mabaa, ambao hawakuwa wameona tatizo lolote, nao walirudisha zao, maana mtu akipata sababu huongeza na mdomo. Watu wa ala tupu hawakurudisha. Waliacha tu kuja, na hao ndio walioumiza zaidi. Mke wa Sikio aliwapokea wote mwenyewe. "Haikuwa chombo chako," alimwambia kila mmoja. "Samahani. Haikuwa chombo chako." Mumewe hakumtuma afanye hivyo, wala hakuthubutu kumzuia.

Hakumwacha. Majirani walisifu uvumilivu wake, lakini haukuwa uvumilivu. Watoto walihitaji kula, na duka lilihitaji mtu wa kuliendesha. Sasa linauza vifuniko vya simu na nyaya za kuchajia. Chumba cha nyuma kimefungwa, na sponji zimeanza kubanduka ukutani. Akimwita mumewe chakula, humgusa bega. Hamwiti tena kwa jina lolote.

Diski ya mama yake iko kabatini, haichezwi. Lakini katika simu yake upo ujumbe mmoja wa sauti ambao bibi aliutuma siku fulani akiwa sokoni, kelele za watu zimemzunguka: "Mwanangu, vitunguu vya leo vimenyauka, nisinunue? Nijibu basi, nimesimama juani." Ni sauti ya simu ya bei nafuu, nzito, ya chini, isiyo na usafi wowote. Jioni mwanamke huyo hufunga mlango wa jikoni, akaucheza, akaucheza tena. Sauti ya aina hiyo Sikio anaisikia vizuri, neno kwa neno. Husimama ukumbini mpaka mwisho, mbele ya mlango ambao hajawahi kukaribishwa kuufungua, kisha hurudi kuketi.

Angetamka neno moja siku ile alipotoka kwa daktari, angekuwa na masikio manne. Sasa ana mawili mabovu na nyumba isiyozungumza. Mficha maradhi, kilio humfichua.